Vifaranga 29 wamefia ndani ya ganda

SWALI: Shikamoo Mama. Nina mashine ya kutotolesha ya mayai 60, haina feni. Safari hii nimepata vifaranga 18 tu, na wa kwanza alitoka siku ya 22. Nilivunja mayai yaliyobaki: 9 hayakuwa na kitu, 4 yalikuwa na duara la damu, na 29 yana vifaranga kamili waliokufa. Kipimajoto kinaning'inia karibu na balbu na siku zote kilisoma 37.5. Nimekosea wapi?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umefanya la maana kuyavunja na kuyahesabu. Wengi huyatupa shimoni, kisha wananiandikia kwamba mashine ni mbovu.

Yale 9 tusiyakalie. Ama hayakupata jogoo, ama yalikaa sana kapuni. Jogoo mmoja kwa mitetea 10, na yai lisipitishe siku 7 kabla ya kuingia mashineni. Manne ya damu yalikufa mapema, na kwa mayai 60 huo si msiba.

Msiba ni hao 29. Kifaranga wa kuku hutoka siku ya 21. Wako wamechelewa, basi joto liliwapungukia. Kipimajoto chako huenda hakidanganyi, ila kinakupa habari za balbu. Pasipo feni joto hukimbilia juu, mayai chini yanabaki na baridi. Kishushe kilingane na mgongo wa mayai, kisha pandisha joto mpaka pale pasome 38.3 au zaidi kidogo. Hiyo 37.5 ni ya mashine zenye feni. Kwanza kijaribu: chovya ncha yake kwenye maji ya uvuguvugu pamoja na kipimajoto cha homa, uone kama vinakubaliana.

Halafu hujaniambia neno kuhusu maji, na kwa upepo mkavu wa Dodoma hapo ndipo ninapopashuku. Je, ule utando mweupe ulimganda kifaranga kama karatasi? Kama ndivyo, unyevu ulikosekana. Siku 18 za mwanzo asilimia 45 hadi 50 zinatosha, tatu za mwisho zinataka 65 hadi 70. Upana wa maji ndio unaoleta unyevu, si kina chake, kwa hiyo ondoa kopo uweke sahani pana.

Na mfuniko? Mwaka wangu wa kwanza niliuinua kila mara nikiwaonesha wajukuu. Vifaranga 7 waliokwisha kutoboa ganda walikaukia humo humo, midomo nje. Siku hizi ikifika siku ya 18 naacha kugeuza mayai, najaza maji, nafunga chumba, ufunguo naufunga kwenye pindo la kanga. Wajukuu wananuna mpaka siku ya 21.

Awamu ijayo weka mayai 20 tu, kisha uniandikie wa kwanza katoka siku ya ngapi.