Catalina haionekani kwenye orodha? Anza na folda

Ndugu, unasema umepakua Catalina, ndege ya majini ya Vita Kuu ya Pili, ukaiweka kwenye FlightGear, programu ya kuigiza urubani kwenye kompyuta, na haimo kwenye orodha ya ndege. Karibu nina hakika kosa ni folda. Ukifungua faili la zipu ulilopakua, mara nyingi unakuta folda ndani ya folda, tena jina lina mkia wa "-master". Faili linaloishia na "-set.xml" liwe moja kwa moja ndani ya folda ya ndege. Ule mkia ufute, maana mafaili ya ndani yanatafutana kwa jina la asili la folda. Ukiuacha, ndege inaweza kutokea bila sauti wala dashibodi. Kisha, kwenye dirisha la kuanzia, ongeza folda mama inayobeba ndege zote, si ya Catalina yenyewe. Hapo mimi nilipoteza jioni nzima.

Angalia pia toleo la Catalina. PBY-5A ina magurudumu. PBY-5 ni ya majini tu, usiianzishie uwanjani. Kabla ya kutua majini, shusha maboya ya mbawani. Yakikunjwa huwa ncha za mbawa. Haina haraka, mwendo wake wa kawaida wa safari ni kama kilomita 200 kwa saa.

Ijaribu Kipevu, Mombasa. Skwadroni ya 259 ya jeshi la anga la Uingereza iliundwa upya pale mwaka 1943, na Agosti hiyo Catalina zake na za skwadroni ya 265 ziliizamisha nyambizi ya Kijerumani U-197 kusini mwa Madagaska.

Ikigoma bado, bandika hapa mistari ya mwisho ya logi, yaani faili la kumbukumbu la FlightGear.