Mama anataka kurudi kwao kila jioni

SWALI: Shikamoo daktari. Mama ana miaka 76, tunaishi Kongwa. Tangu mwaka juzi anasahau sana. Jioni hujifunga kanga akaaga, eti anarudi kwao Mpwapwa, na nyumba hii kaijenga yeye na marehemu baba. Anamwambia wifi yangu kamwibia hela. Juzi alitoka usiku, majirani wakaanza kunong'ona uchawi. Wiki hii ndiyo kachanganyikiwa kabisa, mchana analala tu. Duka la dawa walinipa Piriton ili usiku atulie. Je, ni uzee?

JIBU: Marahaba. Kilichonishtua ni hayo maneno "wiki hii". Demensia, yaani ugonjwa wa kusahau, huenda polepole, kwa miezi na miaka. Mzee akibadilika ndani ya siku chache kuna jambo jingine limempanda juu yake: UTI, malaria, kichomi, kukaukiwa maji, au alianguka na damu inavuja taratibu ndani ya fuvu. Mpeleke hospitali leo au kesho, usingoje siku ya kliniki. Piriton acha kumpa. Inazuia asetilikolini, kemikali ya ubongo ambayo wagonjwa wengi wa kusahau tayari imewapungua, kwa hiyo inamlaza na kumvuruga kwa pamoja. Huenda ndiyo iliyoharibu wiki yake.

Sasa uzee. Jina la jirani likipotea likaja baadaye, huo ni uzee. Lakini mama aliyesonga ugali maisha yake yote akisimama mbele ya sufuria asijue unga unatiwa lini, huo ni ugonjwa, na mara nyingi ni Alzheimer, aina ya demensia inayoongoza kwa wingi. Sababu ya pili kwa wingi ni madhara ya mishipa ya ubongo, ambayo presha na kisukari huyachochea. Omba apimwe presha, sukari, wingi wa damu, tezi ya shingo, vitamini B12, VVU na kaswende, maana baadhi ya hayo huleta usahaulifu na yanatibika. Alzheimer haina dawa ya kuiponya, ingawa zipo za kupunguza dalili kwa muda. Wakikupa rufaa ya Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko Dodoma, nenda. Najua jina hilo linavyotaniwa mitaani.

Jioni usibishane naye. "Kwetu" anakokutaka huenda ni kwa mama yake, alipokuwa mtoto. Ukimwambia "mama yako alishafariki", kwake ni msiba mpya, na kesho utampiga nao tena. Muulize kwao walilima nini, tembea naye hadi njiani, zungumzeni, mrudi. Washa taa kabla giza halijaingia; vivuli vinawatisha. Mpe karanga abangue, hata akizichanganya na maganda.

Hela kazificha mwenyewe akasahau. Wifi asijitetee, aseme tu "tuzitafute, mama", waanzie chini ya godoro.

Hilo la uchawi usilichekee. Minong'ono ya namna hiyo imeua vikongwe nchini hapa. Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji ukiwa na karatasi za hospitali, umweleze kwamba mama anaumwa, na umwombe awaeleze majirani yeye mwenyewe. Ndiye pia atakayekusaidia kumtafuta akipotea. Namba yako ya simu ishone kwenye pindo la kanga anayoipenda. Kikaratasi mfukoni atakitupa.