Kabla ya vidonge, anzia kwenye ungo: kwa wanaoanza kazi ya ugani na afya Dodoma

Ukipangiwa Kongwa, Chemba au Bahi utaulizwa mapema: kuna dawa ya kumeza ya kuzuia saratani ya ini inayoletwa na sumukuvu? Usikimbilie kujibu. Fuata kwanza njia ya sumu hii (aflatoksini), inayotengenezwa na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga.

Aina yake iitwayo sumukuvu B1 ikifika kwenye ini, vimeng'enya huigeuza kuwa kemikali kali inayong'ang'ania DNA, hasa kwenye guanini, mojawapo ya herufi nne za DNA. Seli ikigawanyika kabla ya kurekebisha hapo, herufi nyingine, timini, huchukua nafasi ya guanini. Kosa hilo hutokea sana kwenye kodoni (kundi la herufi tatu) ya 249 ya jeni TP53, jeni linalozuia seli mbovu zisizaliane. Glutathioni, kinga ya asili iliyomo kwenye ini, huidaka kemikali hiyo ili itolewe mwilini, ila sumu ikiingia kila siku inazidiwa. Mwenye homa ya ini B yuko hatarini zaidi, kwa hiyo chanjo yake ihesabu kuwa kinga ya saratani.

Vidonge je? Huko Qidong, China, klorofilini (hutengenezwa kutokana na rangi ya kijani ya mimea) miligramu 100 mara tatu kwa siku kwa miezi minne ilipunguza alama za DNA iliyoharibika kwa takriban asilimia 55. Zilipimwa alama, si wagonjwa wa saratani. Finland, matokeo ya 1994 yalionyesha wavuta sigara waliopewa kirutubisho cha beta-karotini (rangi ya karoti ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A) miligramu 20 kwa siku wakipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18. Usimshauri mtu anunue virutubisho.

Kazi iko jikoni na ghalani. Karanga zilizosinyaa, zilizovunjika au kubadilika rangi ndizo hubeba sumu nyingi, na mara nyingi hizo hizo hutwangwa za kutia kwenye mlenda, nzuri zikipelekwa sokoni. Kuchemsha hakuiondoi. Zitupwe; kuku nao wasipewe.

Mahindi yakaushwe juu ya turubai hadi unyevu wa asilimia 13 hivi, karanga 7. Bila kipimo, tumia chupa kavu: jaza mahindi hadi robo, tia vijiko vitatu vya chumvi kavu, tikisa dakika moja, subiri 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15. Isipoganda usifunge magunia bado, kwani mahindi ya asilimia 14 nayo hufaulu jaribio hili. Yaanike siku nyingine. Na sampuli ya maabara ichotwe juu, katikati na chini ya magunia mengi, maana punje chache tu zinaweza kubeba karibu sumu yote.