Ongeza wimbi la tatu kwanza

Wanafunzi wanaotaka kuchunguza uga sumaku wa galaksi huniuliza wakazanie nini, hisabati au kuandika programu. Vyote, bila shaka. Ila mimi kilichonitoa jasho katika kazi hii ni pembe tu.

Uga wenyewe hatuuoni. Katika Njia Nyeupe, galaksi yetu, ni dhaifu kama mara laki moja kuliko ule unaogeuza sindano ya dira hapa duniani. Tunapokea mawimbi ya redio ya elektroni zinazozunguka ndani yake, tunapima yanatikisika kuelekea wapi. Yakipita kwenye gesi yenye sumaku, mwelekeo huo hupinda: wimbi likiwa refu mara mbili, hupinda mara nne. Faraday alikwisha kuona mwanga ukipinda hivyo ndani ya kioo mwaka 1845. Basi unapima pembe kwenye mawimbi tofauti, unachora mstari, na mwinamo wake unakwambia kama uga unatuelekea au unatupa mgongo.

Mtego uko hapa. Mtikisiko ni kama ufito usio na kichwa wala mkia. Uugeuze nusu duara, nani atajua? Kwa mtambo, digrii 10 na digrii 190 ni kitu kimoja.

Nilipokuwa mwanafunzi nilikuwa na vipimo vya mawimbi yenye urefu wa sentimita 6 na sentimita 20 tu. Nikachora mstari, nikaona uga umegeuka kinyume katika mkono mmoja wa galaksi. Usingizi ukanipaa. Asubuhi nikampelekea msimamizi wangu mchoro, nimeutia na rangi. Hakuutazama hata dakika.

“Una mawimbi mangapi?”

“Mawili, Profesa.”

“Nukta mbili hazikosi mstari, mwanangu. Tafuta ya tatu.”

Miezi ikapita ndipo nikapata vipimo vya sentimita 3. Nukta mpya ikakaa digrii 13 nje ya mstari wangu. Nikaisogeza ile ya sentimita 20 kwa nusu duara, zote tatu zikanyooka. Mgeuko wangu ukayeyuka.

Siku hizi darubini za redio kama MeerKAT, Afrika Kusini, hupokea mawimbi ya urefu tofauti kwa chaneli maelfu, na njia waliyoieleza wanaastronomia Brentjens na de Bruyn mwaka 2005 huzitumia zote kwa pamoja. Mtego ule umepungua makali, na vijana wengi wanadhani umekwisha. Angahewa yetu ya juu nayo ina elektroni. Nayo hupinda mawimbi, mchana kuliko usiku. Kipokezi chenyewe huvujisha mtikisiko wa upande mmoja ukaingia wa pili. Na picha itatoka nzuri vilevile!

Kwa hiyo usianze na galaksi, hata kama ndiyo iliyokuleta. Mimi hufungua kwanza vipimo vya 3C 286, kwazari, yaani kiini king'aacho mno cha galaksi ya mbali, ambayo pembe yake ya mtikisiko ya digrii 33 hivi wanaastronomia wameitegemea miaka na miaka. Ikitoka 33, naendelea. Ikitoka 41, faili la galaksi halifunguliwi siku hiyo.