Chanjo za Hija kwa anayetokea Tanzania: anza na tiketi, sindano baadaye

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kama kadi yako ya homa ya uti wa mgongo ya miaka minne iliyopita bado inafaa, na kama wewe (41) na bi mkubwa wako (mama yako, 68, ana kisukari) mnahitaji pia homa ya manjano kwa kuwa mtalala Addis Ababa mkienda Jeddah.

Jibu la swali la kwanza limo ndani ya kadi yenyewe. Saudia wanataka chanjo ya makundi manne ya vimelea vya ugonjwa huu: A, C, W na Y. Mwaka 1987 walipata mlipuko wa kundi A wakati wa Hija, wakaanza kudai chanjo. Mwaka 2000 likaja kundi W, ambalo chanjo ya A na C hailigusi, na mahujaji wakalibeba hadi makwao. Kwa hiyo chanjo ya A peke yake, au A na C, haihesabiki. Halafu angalia aina. Ya polisakaraidi (ya sukari ya ganda la kimelea peke yake) inakubalika kwa miaka 3, ya konjugeti (sukari hiyo ikiwa imeunganishwa na protini) miaka 5. Kadi isipotaja aina, inahesabiwa miaka 3. Maana yake kadi yako iko hai ikiwa tu imeandikwa konjugeti, au ina jina la dawa linaloonyesha hivyo: Menactra, Menveo, Nimenrix na MenQuadfi zote ni konjugeti. Kama imeandikwa "Meningitis ACWY" tu, choma upya.

Ukichoma upya, ulizia konjugeti hata kama wana ya bei nafuu. Ukiacha ile miaka miwili ya ziada, polisakaraidi inakukinga wewe usiugue lakini haizuii vizuri kubeba vimelea kooni, na vimelea hivyo ndivyo vinavyokuja kuwapata watoto nyumbani. Chanjo hii iwe imechomwa angalau siku 10 kabla ya kufika Saudia. Usiipeleke mpaka siku ya mwisho. Kituo kikiishiwa dawa wiki hiyo, huna pa kukimbilia.

Kitu ambacho wengi hawakiangalii: Menveo ya vichupa viwili. Unga ndiyo kundi A, majimaji ndiyo C, W na Y. Nesi mwenye haraka akivuta majimaji na kukudunga bila kuchanganya na unga, umeondoka bila kinga ya A, na kadi haitakuonyesha. Mwangalie akichanganya. Huo si ukorofi, ni haki yako.

Sasa homa ya manjano, na hapa ndipo tiketi inapoingia. Tanzania haimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya nchi zenye hatari ya maambukizi. Ethiopia imo, Kenya imo, Uganda imo. Baadhi ya nchi hudai cheti hata kwa aliyepita tu kwenye uwanja wa ndege wa nchi hizo, akikaa zaidi ya saa 12. Kwa kulala Addis, hesabu saa za kusubiri kwenye tiketi zenu.

Wewe choma tu. Dozi moja ya nusu mililita, cheti kinaanza kufanya kazi siku ya 10, na tangu Julai 2016 ni cha maisha yote, hata vile vya zamani vilivyoandikwa miaka 10. Inaweza kuchomwa siku moja na ya uti wa mgongo, kila moja mkono wake. Wahi asubuhi: kichupa cha dozi kumi kikishachanganywa kinatupwa baada ya saa 6, ndiyo maana vituo vingine hupanga siku maalumu au hukuambia usubiri wenzako.

Bi mkubwa ni habari nyingine. Chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na anayeichoma kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 60 na zaidi ana hatari kubwa kidogo ya madhara makali, ingawa ni nadra. Kumchoma kwa sababu ya kulala Addis usiku mmoja mimi naona si sawa. Badilisheni tiketi, mpate ya moja kwa moja au yenye kusubiri kwa saa chache. Ikishindikana, daktari anaweza kuandika cheti cha msamaha kwa Kiingereza au Kifaransa, lakini nchi mnayofika bado ina haki ya kumweka chini ya uangalizi hadi siku 6. Umeona mwenyewe ipi nafuu.

Fedha mtakayookoa mpeleke akachome mafua (wiki mbili kabla ya safari) na nimonia ya bakteria wa pnyumokokasi. Kwa kisukari na umri wake, katika msongamano wa Mina, hizo ndizo zitakazomfaa. Homa ya ini A sihangaiki nayo kwa mtu aliyekulia huku, wengi tuliipata utotoni bila kujua. Polio inadaiwa kwa nchi zilizotajwa mwaka huo, na orodha hubadilika. Tanzania ikiwekwa, ni dozi ndani ya miezi 12 iliyopita na angalau wiki 4 kabla ya kuondoka. Ukisubiri tangazo la kikundi chako cha Hija, hizo wiki 4 zinaweza kukupita.

Kabla hujatoka kwenye dirisha la chanjo, soma kadi. Jina liwe herufi kwa herufi kama pasipoti: Mohamed na Muhammad ni watu wawili kwa afisa wa uwanjani. Mwezi uandikwe kwa jina lake, si kwa namba. Namba ya bechi na mtengenezaji viwepo. Mchanjaji asaini kwa mkono. Muhuri hauchukui nafasi ya saini, na vyote viwili vinatakiwa. Palipofutwa au kupakwa wino mweupe, omba kadi mpya hapo hapo. Bi mkubwa kama hasaini, aweke dole gumba na mtu mwingine athibitishe kwamba ni alama yake. Kisha piga picha kurasa zote mbili, zako na zake.