Timu Yako Imefungwa Mechi ya Kwanza? Soma Hii Kabla Hujaandika "Kocha Aondoke"

Msomaji mmoja ameniandikia akiwa bado anachemka. Timu yake imefungua msimu nyumbani, imefungwa na wageni waliopanda daraja, na yeye anataka mambo matatu kwa mpigo: kocha afukuzwe, beki wa kati auzwe, na mimi nimwambie kama msimu ndiyo umekwisha. Matokeo peke yake hayatamwambia lolote kati ya hayo. Namna mechi ilivyopotea ndiyo itakayomwambia, na hiyo haionekani kwa kukodolea macho msimamo wa ligi wenye mechi moja.

Tumalizane kwanza na hesabu. Ligi ya timu 20 ina mechi 38, yaani pointi 114. Zimekwenda 3. Katika Ligi Kuu ya England, Manchester City walifungwa 1-0 na Tottenham siku ya kwanza ya msimu wa 2021/22, wakamaliza na pointi 93 na kombe mkononi. Manchester United walianza msimu wa 1992/93 kwa kufungwa 2-1 na Sheffield United, wakachapwa 3-0 nyumbani na Everton, wakatoka sare na Ipswich: mechi tatu, pointi moja. Wakachukua ubingwa kwa tofauti ya pointi 10. Barcelona ya Guardiola mwaka 2008 ilifungwa 1-0 na Numancia kwenye mechi yake ya kwanza ya ligi, ikatoka sare na Racing Santander, na msimu huo huo ikabeba makombe matatu makubwa. Numancia walishuka daraja.

Na upande wa pili usisahaulike. Blackpool walifungua msimu wa 2010/11 kwa kuichapa Wigan 4-0 ugenini. Mwisho wa msimu Blackpool wakashuka, Wigan wakabaki. Kwa hiyo jirani anayekucheka leo naye hana cheti chochote mkononi.

Ila usiitumie mifano hii kama dawa ya usingizi. Pointi za mwanzo ni pointi. Arsenal walipoteza mechi tatu za kwanza za 2021/22 bila kufunga hata bao moja, wakaruhusu tisa, kisha wakanyanyuka vizuri sana. Wakamaliza wa tano kwa pointi 69. Tottenham wa nne walikuwa na 71. Nafasi ya Ligi ya Mabingwa iliwaponyoka kwa pointi mbili. Anayekwambia "ni mechi moja tu, tulia" anakudanganya nusu.

Sasa kazi yenyewe. Rudia mechi kesho yake, siyo usiku ule ule, na uzime sauti. Mtangazaji akishaamua kwamba beki fulani ndiye mkosaji, macho yako yatamtafuta huyo huyo dakika zote tisini. Chukua karatasi. Kwa kila bao mlilofungwa, rudisha nyuma sekunde ishirini kabla mpira haujaingia wavuni, siyo tano. Marudio ya televisheni huanzia pasi ya mwisho, na ndiyo maana lawama zote humwangukia aliyekuwa karibu na mfungaji. Kosa lenyewe mara nyingi limeshatokea mita arobaini mbele, nje ya picha. Andika mpira ulipotea wapi, nani aliupoteza, na wakati ule wachezaji wenu wangapi walikuwa nyuma ya mpira.

Picha utakayoikuta mara nyingi mwanzoni mwa msimu ni hii. Mabeki wa pembeni wote wawili wamepanda. Kiungo mkabaji amebaki peke yake katikati. Winga anapoteza mpira akijaribu kumpita mtu wa pili, na wapinzani wana uwanja mzima wa kukimbilia. Beki wa kati anabaki na chaguo mbili, zote mbaya: atoke amkabe mwenye mpira na kuacha uwazi mgongoni, au arudi nyuma ampe nafasi ya kupiga. Akichagua lolote, atatukanwa. Ukiona mabao mawili ya namna hiyo, tatizo siyo beki. Tatizo ni mpangilio wa timu inaposhambulia, na hilo hurekebishwa mazoezini kwa kumzuia beki mmoja wa pembeni asipande mwenzake akiwa juu. Hakuna haja ya kusajili mtu.

Halafu nenda moja kwa moja dakika ya 60. Acha kuangalia mpira, angalia umbali kati ya safu ya kiungo na safu ya ulinzi. Timu iliyo fiti hubana, mistari ikisogea pamoja. Timu ambayo haijaiva hukatika vipande viwili: washambuliaji wanaendelea kupiga presha juu kwa sababu ndivyo walivyoagizwa, viungo hawafiki kwa wakati, mabeki wanaogopa kusogea, na katikati panabaki shamba. Maandalizi ya kawaida huchukua wiki tano au sita. Mchezaji aliyekuwa na timu ya taifa kwenye mashindano makubwa hurudi kambini akiwa amechelewa, na huenda anacheza mechi ya kwanza akiwa na nusu tu ya maandalizi ya wenzake. Andika majina ya hao pembeni ya karatasi yako. Kama ndio walioishiwa pumzi, umepata maelezo, na hayo hujirekebisha yenyewe kadiri mechi zinavyoongezeka.

Kama walioishiwa pumzi ni wale waliokaa kambini tangu siku ya kwanza, hapo una haki ya kuuliza maswali. Uliza pia kocha alisubiri hadi dakika ya ngapi kubadilisha. Ana nafasi tano za kubadilisha wachezaji, katika vipindi vitatu vya kusimamisha mchezo bila kuhesabu mapumziko. Kocha anayeona katikati pamekatika dakika ya 60 na akaingiza kiungo dakika ya 82 amekosea kazi yake, hata kama timu ingeshinda.

Mipira ya kutenga ina kesi yake. Kona, faulo za pembeni na mirusho mirefu ndiyo sehemu inayoumia zaidi pale timu inapobadilisha kipa au mabeki, maana kukaba kwa eneo, yaani kila mtu kulinda sehemu yake badala ya kumfuata mpinzani, kunategemea mazoea: nani anaanza, nani anamzuia mkimbiaji, kipa anatoka hadi wapi. Brentford walipoifunga Arsenal 2-0 kwenye ufunguzi ule wa 2021, bao la pili lilikuwa mrusho mrefu uliodunda ndani ya eneo dogo la lango, kisha kichwa. Linaudhi, lakini linarekebishika. Septemba Arsenal wakampa Ramsdale lango, Tomiyasu akawasili upande wa kulia, Gabriel akarudi kutoka majeruhi, na ulinzi ule ule uliokuwa unachekwa ukaacha kuchekwa. Angalia vizuri kilichobadilika hapo: watu watatu katika safu moja. Kocha alibaki yule yule.

Kuhusu takwimu, nitasema kidogo kwa sababu zinatumika vibaya mno. Siku ya pili mashabiki husambaza picha yenye mabao tarajiwa, ile xG, yaani makadirio ya mabao ambayo nafasi za timu zingezaa kwa kawaida, kuonyesha kwamba "tulistahili kushinda". Kuna mitego miwili. Wa kwanza ni penalti. Penalti moja huhesabiwa karibu 0.76 hadi 0.79, kwa hiyo timu yenye 1.5 na penalti ndani yake haikutengeneza nafasi nyingi kama inavyodhaniwa. Iondoe kwanza. Wa pili ndio mkubwa: timu inayoongoza hurudi nyuma na kuachia mashuti, hivyo timu inayofukuza matokeo hurundika namba ambazo hazina uzito sana. Mashuti kumi na mawili ya nje ya boksi kati ya dakika ya 70 na 90 hayajakuwa ushahidi wa ubora. Hesabu nafasi zilizopatikana wakati matokeo yakiwa bado sare. Dakika hizo ndizo zinazoonyesha nani alikuwa anamtawala mwenzake kabla hofu haijaingia. Na kadi nyekundu ikitoka, funga daftari kuanzia dakika ile. Kinachofuata ni mchezo mwingine.

Sasa tuje kwenye dalili ambazo mimi zingeninyima usingizi. Siyo idadi ya mabao. Ni pengo la mtu aliyeondoka ambalo hakuna aliyeliziba. Leicester waliingia msimu wa 2016/17 wakiwa mabingwa, wakafungwa 2-1 na Hull, timu iliyokuwa na kocha wa muda na kikosi chembamba cha kutia huruma. Watu wakasema ni ulevi wa ubingwa. Ukweli ni kwamba kiungo wao Kanté alikuwa ameshahamia Chelsea, na eneo alilokuwa akilifagia kati ya mabeki na viungo lilibaki wazi. Leicester wakamaliza wa 12, na kocha wao Ranieri alifukuzwa kabla ya Machi. Hull wenyewe, washindi wa siku ile, walishuka.

Mwaka uliofuata Chelsea, mabingwa wapya, walifungwa 3-2 nyumbani na Burnley. Cahill wa Chelsea alitolewa kwa kadi nyekundu dakika ya 14, Fàbregas naye akafuata mwishoni. Kadi zile zilifunika kila kitu. Mashabiki walibishana kuhusu mwamuzi wiki nzima, wakati suala la msingi lilikuwa ufinyu wa kikosi, kiungo Matić akiwa ameuzwa kwa Manchester United. Chelsea wakamaliza wa tano. Kwa hiyo chukua kikosi kilichoanza mechi ya mwisho ya msimu uliopita, kiweke pembeni ya kilichoanza juzi, na kwa kila jina lililotoka uliza kazi yake inafanywa na nani sasa. Siyo nafasi yake, kazi yake. Nani anarudisha mipira? Nani anapiga pasi ya kwanza kutoka nyuma? Nani anaruka kwenye kona za kujilinda? Ukikosa jibu kwenye swali moja, dirisha la usajili likiwa bado wazi, hapo piga kelele, na piga kelele kwa kutaja kazi badala ya jina la nyota unayemtamani. Viongozi wakiogopa mashabiki hununua winga wa nne wakati timu haina kiungo mkabaji, kwa sababu winga ndiye anayeuza jezi.

Kuhusu kumfukuza kocha: Crystal Palace walifungwa 3-0 nyumbani na Huddersfield wakifungua msimu wa 2017/18, na kocha Frank de Boer akaondolewa baada ya mechi nne tu za ligi. Roy Hodgson aliyempokea naye akapoteza tatu za kwanza, timu ikiwa imecheza saba bila bao. Wakamaliza wa 11. Wanaopenda kufukuza husema Palace walipatia. Wanaopinga husema Hodgson asingestahimiliwa kama yeye ndiye angeanza msimu. Kwa maoni yangu kosa lilikuwa kumwajiri kocha wa mfumo wasio na wachezaji wake, na hilo lilijulikana kabla ya Agosti. Ninayasema haya kila msimu unapoanza, na kila msimu naitwa wakili wa makocha. Sawa.

Mambo ya simu yako ni mafupi. Usimwandikie mchezaji. Kuwatukana Rashford, Sancho na Saka wa England baada ya kukosa penalti za fainali ya Euro Julai 2021 hakukurudisha kombe, na wapo waliokamatwa na polisi. Na kama ulibeti, mkeka umechanika, uache hivyo hivyo: kuongeza dau wiki ya pili ili kurudisha ya kwanza ni kuibetia hasira yako, na timu iliyofungwa kwa sababu ya pumzi itakuwa na pumzi ile ile siku sita baadaye. Kundi la WhatsApp linyamazishe hadi utakapoirudia mechi. Ukishairudia utakuwa na la kusema kuliko wengi wao.

Kwa mechi ya pili, nenda na karatasi ile ile na vitu vitatu tu: beki wa pembeni mmoja amebaki au wote bado wanapanda, umbali wa mistari dakika ya 60, na nani anafanya ile kazi iliyokosa mwenyewe. Kama mawili kati ya hayo yamebadilika na bado mmefungwa, timu inafanyiwa kazi. Kama mmeshinda na hakuna lililobadilika, usitangaze chochote.

Baada ya hapo subiri mechi kumi, ingawa hata kumi zina walakini. Juventus walianza 2015/16 kwa kufungwa 1-0 nyumbani na Udinese, wakiwa wamewapoteza Pirlo, Vidal na Tevez kiangazi kimoja, huku viungo Khedira na Marchisio wakisumbuliwa na majeraha. Baada ya mechi kumi walikuwa na pointi 12. Viungo wakarudi, mshambuliaji mpya Dybala akazoea, wakashinda 15 mfululizo na kumaliza na pointi 91. Aliyekuwa anahesabu pointi peke yake Oktoba aliona timu imekufa. Aliyekuwa anahesabu viungo walioko hospitalini aliona kitu kingine.