Mbolea ya ruzuku: nani hasa anaipata huku Njoro?

Ndugu, umeuliza kama mbolea ya ruzuku, ile ambayo serikali huipunguzia bei, humfikia mkulima mdogo au huishia kwa wenye mashamba makubwa, na walionitangulia kujibu wamesema ni siasa tupu. Umesema pia unalima shamba la kukodi na chifu alikataa kukuandika. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima huku Njoro, kaunti ya Nakuru, Kenya, nimewasaidia wengi kujiandikisha, na wadogo nimewaona wakiipata. Bora shamba liwe lako, laini ya simu iwe yako, na pesa ziwe mkononi siku ujumbe wa kukuita uchukue mbolea unapoingia kwenye simu.

Tuanze na hesabu. Septemba 2022 Rais Ruto alipotangaza mfuko wa kilo 50 ushuke kutoka shilingi 6,500 hadi 3,500 (2023 ukashuka tena hadi 2,500), punguzo liliwekwa kwenye mfuko, si kwa mtu. Idadi ya mifuko nayo hufuata ekari ulizoandikisha. Kwa bei zile za kwanza, mwenye nusu ekari akichukua mfuko mmoja ameondolewa mzigo wa shilingi 3,000. Mwenye shamba kubwa kule Mau Narok akichukua mifuko 40 ameondolewa 120,000. Hapo hakuna aliyeiba; mpango ulishonwa hivyo.

Lakini huyo wa mifuko 40 haniumi sana. Anayeniuma ni wa shamba la kukodi, kama wewe. Huku ni wengi. Mwenye shamba anaishi mjini Nakuru au Nairobi, alijiandikisha na ekari zake zote 2023 machifu walipokuwa wakikusanya majina, kwa hiyo ujumbe wa mbolea unaingia kwenye simu yake. Mwenye jembe haonekani popote. Wengine huelewana: mmoja anapokea ujumbe, mwingine anatuma pesa na kwenda kuchukua mzigo. Nimeona pia mwenye shamba akichukua mbolea ya ruzuku kisha akamuuzia mpangaji wake mwenyewe kwa bei ya duka. Jina usiniulize.

Kina mama wana yao. Mmoja wa kikundi chetu aliandikishwa kwa namba ya kijana wake aliye Nairobi, kwa sababu yeye hakuwa na laini kwa jina lake. Ujumbe ulipoingia kijana alidhani ni matapeli, akaufuta. Mama alikuja kujua mahindi yakiwa yamefika magotini.

Halafu kuna mtu ambaye hata sisi kwenye vikundi humsahau: anayenunua mbolea kwa kilo. Ana robo ekari, karo imemaliza kila kitu, mvua ya Machi imeanza, anaenda agroveti apimiwe kilo tano. Dipo, yaani ghala linalouza mbolea ya ruzuku, linauza mfuko, halipimi. Basi maskini kuliko wote ndiye anayelipa bei ya soko, tena ya rejareja, na kwenye hesabu za serikali hayumo kabisa. Sisi siku hizi tunawaunganisha watu wawili watatu kwa mfuko mmoja na kukodi pikapu pamoja. Ugomvi haukosekani wakati wa kugawana.

Ile mbolea ghushi ya 2024, iliyomfikisha Mithika Linturi, Waziri wa Kilimo wakati huo, mbele ya kamati ya bunge, imeandikwa sana, siirudii. Huku iliwafanya wazee kadhaa waape kurudia mbolea ya kuku.

Sasa wewe unasema chifu alikataa kukuandika kwa sababu ekari si yako. Rudi na karatasi ya makubaliano ya kukodi, kitambulisho na laini iliyosajiliwa kwa jina lako, na mwende pamoja na mzee wa kijiji anayekijua kipande unacholima. Chifu wa kwetu alikubali hivyo. Wa kwenu simjui. Mwombe mwenye shamba naye apunguze ekari hiyo kwenye jina lake, maana hapo ndipo wengi hukwama. Na uende Januari. Ukingoja Machi utakuta foleni, na chifu hana muda na mtu.